Nilimkamata Mama Akimwibia Mungu Mchele

Nilimkamata mama yangu akimwibia Mungu.

Sitanii. Mchana kweupe, mkono umezama kwenye kopo, na mdomoni anaimba wimbo wa kanisani.

Ngoja nieleze, wasiotoka kwetu Mizoram wasije wakaniona nimechanganyikiwa.

Kwetu milimani, mwanamke akipima mchele wa kupika, kabla hajauosha anachota konzi moja na kuitia kwenye kopo lililo pembeni ya jiko. Hiyo ni ya Mungu. Asubuhi konzi, jioni konzi. Jumamosi akina mama wa kanisa wanapita nyumba kwa nyumba kukusanya, mchele unauzwa, kazi ya Injili inasonga.

Mtu anaweza kuiba kuku wako na mkaendelea kusalimiana. Kopo la Mungu haliguswi.

Na mimi ndio kwanza nilikuwa nimerudi kutoka chuo mjini Aizawl. Shahada iko ukutani, kazi haipo, na vijana wa kanisa wamenipa mada ya Jumapili: kumwona Mungu katika maisha ya nyumbani.

Wiki nzima nikawa nawinda masomo. Baba alipokoroma katikati ya sala ya jioni, nikaandika: uvumilivu.

Nguruwe wetu alipotoroka, nikakimbilia kalamu. Kondoo aliyepotea!

Shida ni kwamba nguruwe hakuwa amepotea. Alikuwa kwa jirani anakula kabichi, na tulipomrudisha alitutazama kana kwamba sisi ndio tuliopotea.

Sasa hili la mama. Nalo lina somo gani? Usiibe?

"Mama, unafanya nini?"

"Napika."

"Huo si mchele wa Mungu?"

"Kwani amekwambia ana njaa? Nenda kamwangalie nguruwe."

Sikubishana naye. Lakini iliniuma. Mama ndiye aliyenifundisha kusali, leo namkuta anachota kwenye kopo la Mungu na kutia kwenye sufuria yetu!

Nikatafuta kamba. Usiku ule, wote walipolala, nikakifunga kifuniko cha kopo mafundo ya kutosha. Nilijiona malaika mlinzi, wa kujitolea, asiyelipwa.

Kesho yake, Jumamosi, nikasikia kilio jikoni.

Alikuwa bibi yangu Thangkhumi, mzazi wa baba. Amekaa sakafuni, kopo miguuni, mchele umetapakaa kila mahali.

"Amekataa," akasema.

"Nani amekataa, bibi?"

"Mungu. Leo hautaki mchele wangu."

Mama akaingia. Akaiona kamba, akaniangalia. Afadhali angenizaba kibao.

Akaikata kwa kisu, kisha akamwinamia bibi. "Kifuniko kilikwama tu, mama. Jaribu tena."

Bibi akatia konzi yake, akafuta machozi, akatoka kuota jua.

"Wewe kaa hapo," mama akaniambia. "Angalia."

Nikakaa.

Haikupita muda bibi akarudi. Akaenda kwenye gunia, akachota konzi, akatia kwenye kopo. Akafumba macho, midomo ikacheza, akatoka.

Akarudi tena. Konzi, sala, nje.

Akarudi tena. Nikataka kuinuka, mama akanivuta sketi nikakaa chini.

"Hakumbuki," akaninong'oneza bibi alipotoka. "Kupika ameniachia, kufua ameniachia. Hii hakuniachia. Ndiyo kazi pekee iliyombakia. Akifika nje anasahau, anaona Mungu hajapewa kitu."

"Si umwambie kwamba ameshatoa?"

"Nilimwambia mara moja. Akaniuliza, 'Nimempa saa ngapi?' Halafu akajitazama mikono, akalia mpaka jioni. Sirudii tena." Akashusha pumzi. "Na nikiacha tu, gunia litaisha, mtakula masomo yako? Kwa hiyo yeye anatoa, mimi narudisha. Konzi ya asubuhi na ya jioni sizigusi. Baba yako hajui, na wewe hujui. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Akaingiza mkono kwenye kopo, akaanza kuhamishia mchele kwenye sufuria.

"Hodi! Mama Mapuii, mpo?"

Mapuii ndiye mimi. Na mpiga hodi alikuwa Bi Rohlui, mkusanyaji wa mchele, amewahi kuliko siku zote.

Huyu mama akiinua kopo lako tu, anajua kama umegombana na mumeo. Akikiona kitu Jumamosi, Jumapili mtaa mzima unacho.

Hakungoja kukaribishwa. Akasimama mlangoni, kapu mgongoni, mkanda wa kapu kwenye paji la uso. Akaona kopo. Akaona mkono wa mama ndani yake. Akaona sufuria yetu pembeni, imejaa nusu.

"Mama Mapuii," akasema taratibu. "Unatia au unatoa?"

Nyuma yake bibi alikuwa anaingia, ameshika mlango.

Mama akamwona. Jibu alikuwa nalo, tena la kumsafisha kabisa. Lakini ingebidi alitoe mbele ya bibi.

Akauacha mkono palepale koponi.

Nikafungua mdomo nimtetee. Akanikanyaga mguu.

"Nakuuliza wewe," Bi Rohlui akasema. "Jina lako nalipeleka kwa akina mama leo hii. Unatia au unatoa?"

"Niulize mimi!" bibi akadakia. "Huyu mkamwana wangu mkono wake haubanduki humo. Kila nikiingia namkuta anamtolea Mungu! Mimi mzee natoa kakonzi kangu kamoja. Yeye anatoa kutwa nzima. Huyo jina lake lipeleke!"

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia.

Bibi akampita Bi Rohlui, akaenda kwenye gunia, akachota, akatia, akasali. "Leo nilikuwa sijatoa," akamwambia, akitabasamu.

Akafika mlangoni, akasimama. Akageuka, akarudi kwenye gunia.

"Leo sijatoa," akasema.

Bi Rohlui akalitazama gunia. Akalitazama kopo. Akamtazama mama, punje zimemganda vidoleni, macho yamejaa maji.



Akatua kapu lake. Akaumwaga mchele wote wa kopo humo. Akangoja mpaka bibi atoke nje.

Kisha akaingiza mkono kapuni, yeye mwenyewe, mkusanyaji wa kanisa, akaanza kurudisha konzi kwenye sufuria yetu. Moja, nyingine, nyingine.

"Bi Rohlui!" nikasema.

"Kimya, msomi. Unataka Mungu avimbiwe?"

Alipoondoka akapaza sauti ili asikike nje. "Bibi Thangkhumi! Kopo lako ndilo zito kuliko yote mtaani!"

Bibi akacheka kama msichana aliyesifiwa gauni.

Jumapili nilisimama mbele ya vijana nikazungumzia nguruwe. Nilikuwa nimeahidi kunyamaza. Leo nasimulia kwa sababu bibi ametangulia, na mama ameniruhusu. Bi Rohlui, ajabu, hajamwambia mtu hadi leo.

Somo nililipata, ila si nililokuwa nawinda.

Mimi kila siku nampelekea Mungu toba ileile, ahadi ileile, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Zamani niliamini amenichoka. Siku hizi naamini yuko kama mama yangu. Anapokea, hasemi ulishaleta. Jioni anakurudishia ulichompa, kimepikwa, kina moto, anakwambia ule.

Asubuhi anakiacha kifuniko wazi, utoe tena.