Jina Lililokatwa Kwenye Karatasi ya Sukari

Bochaberi alimwaga kwenye mkebe sukari aliyonunua kwa Jigar, sokoni Mosocho, na alipotaka kutupa karatasi akaona jina la bintiye, Sharon, chini ya maneno yaliyochapishwa.

Karatasi za namna hiyo alizijua. Enzi za mzungu, babake, Manasseh, aliandika maneno makali, na babu wa huyu Jigar mwenye duka akafungia sukari ndani yake. Sukari ikafika kijiji cha Birongo, ikafika hadi Itumbe. "Jembe ni lako, mgongo ni wako, mbona barabara ni ya mzungu?" Wanaume waliposoma hivyo walitupa majembe ya kulazimishwa, wakaanza kudai Uhuru mchana kweupe. Kosa la Manasseh lilikuwa moja tu: alitia jina chini. Akatiwa kizuizini, akarudi akichechemea kama kuku aliyekanyagwa.

Sasa Sharon, mtoto wa juzi, amechapisha maneno yale yale, akauliza Uhuru huo uko wapi, akawaita watu sokoni Siku ya Madaraka. Na jina ametia, kama babuye. Siku hizi ukiandika hivyo, gari lisilo na namba linakujia.

Bochaberi alirudi dukani mbio.

"Jigar! Una akili ama una sukari kichwani?"

"Mama Sharon, babu yangu alifungia sukari karatasi za mzee wako. Mimi ni nani nikatae?"

"Babu yako alifungiwa duka, babangu akavunjwa mguu. Sehemu hiyo hamkuhadithiwa? Umeuza ngapi?"

"Yako tu. Zingine ndizo hizi. Hiyo kubwa ni ya chifu, Ochoki anaikujia."

Hata hajameza mate, Ochoki huyo mlangoni. Huyu humbebea chifu mizigo pamoja na habari. Alinyoosha mkono, Bochaberi akauwahi mfuko.

"Ngoja! Hii imeingia sisimizi."

"Chifu anangojea chai, Mama Sharon."

"Basi mpelekee na sisimizi, umwambie ni nyama."

Ochoki akacheka, akaegemea mlango, akazama kwenye simu. Bochaberi akaimwaga sukari kwenye mizani. Pembeni palikuwa na rundo la magazeti makuukuu. Angefungia hayo, mambo yaishe. Lakini jicho lilianguka kwenye jembe na mgongo, maneno aliyokaririshwa na babake wakichuma chai. Akamtazama Jigar.

"Wakiuliza," Jigar alinong'ona, jasho likimtoka, "karatasi zilikuja na gunia la sukari."

Bochaberi akakunja karatasi juu kidogo ya jina, akapitisha ukucha, akararua. Kile kipande akakitia mdomoni, akatafuna. Maneno mengine yote akayafungia sukari ya chifu, akampa Ochoki.

"Mpe salamu."

Kisha akaanza kurarua zile zingine.

Jioni Sharon aliingia amevimba kwa hasira. "Mama! Mbona umekata jina langu?"

"Nilikupa mimi. Kula ugali."

Sharon akatia tonge mdomoni, akataka kujibu. Huko chini barabarani gari likasikika likipanda mlima polepole. Wote wawili wakaacha kutafuna.