Mawifi Wawili na Tumbo la Programu

Kidole hakumwamini wifi yake tangu siku ya harusi, na sababu alikuwa nazo, hata kama hakuna mwingine aliyeziona. Jina hilo la Kidole lilitokana na kazi: yeye ndiye aliyetengeneza madirisha na vitufe, vile mtu anavyobonyeza kwenye kompyuta. Wifi, dada wa mumewe, alitengeneza tumbo la programu, kule ndani vitu vinakotafutwa na kuhesabiwa. Kila mmoja alitumia lugha yake ya kompyuta, na lugha hizo hazisikilizani. Basi upande mmoja ulituma mstari wa maandishi, wa pili ukajibu kwa mstari, kama majirani wanaopitishiana chumvi dirishani.

Programu ilikuwa ya duka kubwa la dawa. Mwanzoni, ghala likiwa na vitu vichache, ilikwenda kama maji mteremkoni. Ghala lilipojazwa, ikaanza uongo. Mfamasia anauliza dawa ya pumu, skrini inasema "Hakuna", na boksi liko pale rafuni linamtazama. Mama mmoja alirudishwa hivyo hivyo, mtoto mgongoni kifua kinampiga miluzi.

"Saa tisa nakuja kuiona," mfamasia alisema kwenye simu. "Ikinidanganya tena, naing'oa, na ninyi wawili pamoja nayo."

Kidole alishajua mchawi ni nani. Nani mwingine, kama si yule aliyetaka kazi nzima iwe yake? Hata chai aliyowekewa na wifi asubuhi hiyo hakuigusa. Chumba chao cha kazi kilikuwa na meza mbili zilizopeana mgongo, akageuza kiti.

"Wifi, nimekukosea nini?"

"Makubwa! Kumekucha na hilo?"

"Tumbo lako linaniaibisha. Nauliza dawa, linanijibu mstari mtupu."

"Si ndivyo?"

"Ndivyo nini?"

"Mstari mtupu maana yake subiri, bado natafuta. Ghala likiwa kubwa tumbo linachelewa, linakutumia huo usidhani limekufa. Kila mtu anajua."

"Kila mtu yupi? Wewe na nani?"

Wifi akageukia skrini yake.

"Mimi mtu akinionyesha mkono mtupu," Kidole akasema, "najua hana. Nikaandika 'Hakuna'."

"Ungeuliza."

"Ungesema!"

"Basi dirisha lako lijifunze kungoja."

"Lingoje nini, ramli? Tumbo lako liseme 'subiri' kwa herufi, nami nitangoja."

Wifi akasonya, lakini akabadilisha, vidole vikigonga kana kwamba anatwanga. Kidole alisimama nyuma yake akiukagua kila mstari, asije akafichwa kitu.

Saa tisa mfamasia aliingia, akakataa kiti. Akauliza dawa ya pumu. "Subiri, natafuta," skrini ikasema. Kisha ikataja idadi na rafu. Akaijaribu kwa dawa aliyojua fika imekwisha. "Hakuna."

"Kweli haipo," akasema, kama mtu aliyenyang'anywa ugomvi wake. "Haya, ibaki."

Mlango ulipofungwa, Kidole hakurudi mezani kwake.

"Wifi, na sifuri ikija?"

"Sifuri ni sifuri."

"Unaapa?"

"Niape kwa hesabu, mwanamke wewe?"

"Na dawa isiyo na tarehe ya kuharibika?"

Wifi akajikuna shingo. "Hapo... hapo huwa natuma alama ya nyota."

"Nilijua!" Kidole akavuta kiti, akaketi bega kwa bega naye. "Endelea. Nyota, na nini kingine?"