Sehemu Yangu ya Rweya

Kwetu Kagoma mtu huzikwa kwenye kibanja chake, kati ya migomba, karibu na baba na babu yake. Rweyani, yaani kwenye nyika ya nyasi nje ya migomba, walizikwa watu wasio na ukoo. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma, na shahada ya teolojia haikunifutia.

Baada ya Uhuru serikali ilitafuta mtu wa kukaa na askofu asubuhi na sheikh jioni bila kugombana na yeyote. Nikawa afisa wa mambo ya dini, Bukoba mjini, na kazi niliipenda. Ujamaa ulipokuja nikatumwa kwetu Muleba kuwahimiza wakulima washuke rweyani wajenge kijiji cha pamoja. Nikasimama kanisani kwetu baada ya misa, nikaeleza jinsi Wakristo wa kwanza walivyoishi kwa mali ya pamoja. Nilieleza vizuri, nani atabisha?

Baba akainuka kwenye benchi la mbele. “Mwanangu msomi, hao Wakristo wa kwanza walihama na makaburi yao?”

Kanisa zima likaangua kicheko. Katibu wa Chama alikuwa kando yangu, ananitazama.

“Tata,” nikamjibu, “wafu hawali ndizi.”

Hapo hakucheka mtu.

Kijiji chenyewe hakikujengwa. Baba alipougua aliita ukoo, akamrithisha mdogo wangu nyumba, kahawa na kibanja chote. “Huyu mkubwa anaipenda rweya,” alisema. “Mpeni rweya.” Ukoo ukapiga makofi kupokea wosia, nami nikapiga. Nilimchukia mzee yule, na amekufa bado namchukia.

Haukupita muda, binti yangu mdogo akafa kwa surua hospitalini Bukoba. Tulimpeleka Kagoma kwa gari la serikali. Mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye mwingilio wa kibanja na jembe begani. Nikadhani amekwisha kuchimba.

“Pole sana, kaka,” alisema, na machozi yake yalikuwa ya kweli. “Lakini wosia wa Tata unaujua. Na ulisema mwenyewe, wafu hawali ndizi.”

Mke wangu akapiga magoti, akamshika miguu. Mdogo wangu akamwinua taratibu, kisha akatutangulia kushuka rweyani. Alichimba yeye mwenyewe, kwa bidii, maana ardhi ya kule ni mawe matupu.