Dereva wa Lango la Kusini

Jumanne, tarehe 14 Mei. Joto la kufukiza, mawingu mazito, mvua hakuna. Dereva wa bajaji alishafika kwenye lango la kusini la hekalu letu hapa Bangkok, kando ya meza yangu ya maua. Mtalii yeyote akikaribia, yeye huvua kofia, hukunja uso kwa majonzi na kusema kwa sauti ya daktari mwenye habari mbaya, "Leo pamefungwa. Watawa wanasali." Kisha humpeleka kwenye duka la vito, ambako dereva hupewa petroli kwa kila kichwa anachokileta. Mikono yake ni laini kama ya bwana harusi.

Saa tano na nusu alifika Bibi Lamduan, mkulima kutoka mkoa wa mbali wa Ubon, amebeba wali na samaki. Ilikuwa siku ya mia tangu mumewe afariki. Watawa hawali baada ya adhuhuri, na chakula kikichelewa, marehemu hapati thawabu yake. Dereva akavua kofia.

"Pamefungwa, bibi. Panda nikupeleke kwingine."

"Pamefungwa? Mbona nasikia kengele?"

"Wanazijaribu tu."

Nikashindwa kunyamaza. "Ingia, bibi! Huyu angekwambia hata jua limefungwa."

Bibi akakimbilia ndani na bakuli lake, akawahi. Dereva akanigeukia bila haya. "Aa, dada, usinifokee. Ulimi umezoea tu."

Jumatano, tarehe 15 Mei. Asubuhi, kabla watalii hawajaamka, dereva alimleta mama yake mzazi, akamshika mkono kuelekea kwa watawa. "Twende, mama," alimhimiza. "Hapa hapafungwi hata siku moja."