Siku Kumi za Baba

Mama yangu, Bi Shariffa, hamkumbushi mtu mara mbili. Mwaka juzi aliniambia taa ya ukumbini imeungua. Wiki ya pili nikamkuta amepanda meza, balbu mkononi, na umri wake miaka sitini na sita. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Baba alipofariki, alikuwa na Ramadhani nzima hakuifunga, ile aliyolala hospitali. Tukagawana kumfungia: Mama siku kumi, dada yangu Ibtihal kumi, mimi kumi. Nikasema nitafunga wakati wa baridi, siku zikiwa fupi. Baridi ikaja, ikapita. Ofisini kwetu Al Khuwair hapakosi mtu wa kuleta halua na kahawa, na mimi si mtu wa kukataa halua. Mama aliniuliza mara moja tu. Nikamjibu, "Inshallah, wiki ijayo."

Mwezi wa nne, mvua ziliponyesha, akaniomba nimpeleke kwenye ziwa dogo la mlimani, nyuma ya Ruwi. Baba alikuwa akimpeleka kila mwaka, kabla jua halijawa kali. Jumamosi asubuhi tukaacha gari chini, tukapanda kwa miguu.

Alisimama kila baada ya hatua chache. Na mimi mdomo wangu hauna breki. "Mama, mwendo wa bibi harusi huu! Tutafika Idi ijayo." Akacheka, midomo imemkauka. Nilimaliza chupa mbili za maji njiani, mbele ya macho yake. Kila nikimpa, anasema, "Baadaye, mwanangu."

Ziwa lilikuwa limejaa, maji ya kijani baina ya majabali. Akakaa kwenye jiwe walilokuwa wakikaa na Baba, akatia miguu majini. Nikatandika, nikatoa mikate ya kumimina na chai ya maziwa. Hakugusa.

"Mama, kula basi. Unaumwa?"

"Nimefunga."

"Sitta, zile sita za baada ya Idi, si umeshamaliza?"

"Si sitta. Nnamfungia babaako."

"Lakini kumi zako ulimaliza zamani!"

Akatazama maji. "Hizi zako, Humam. Leo ya tisa."

Nikauweka mkate chini. Niliona aibu hata ya kumtazama.

"Kwa nini hukunambia, Mama? Tungekuja siku nyengine."

"Ungeahirisha. Na maji haya hayangoji."

"Ya kumi nitafunga mimi. Wallahi, kesho."

"Haya, mwanangu."

Tukashuka nimemshika mkono, mzaha wote umeniisha.

Jumapili nikafunga. Halua ikaletwa ofisini, nikaiacha ipite. Magharibi nikaenda nyumbani kwake na sahani ya tende, najiona mtoto mwema. Adhana ilikuwa inasomwa. Nikamkuta amekaa mkekani, glasi ya maji mbele yake, tende moja mkononi.

"Mama, na wewe umefunga?"

Aliinamisha uso kama kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

"Nimefunga tu, mwanangu. Sikuwa na yakini kama utafunga."