Funza Kwenye Uji, na Mikono ya Mama Mkwe

Admin, nifiche vizuri safari hii, maana ile ya kwanza ulinificha na bado nikaonekana.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na saba, naishi Mkolani hapa Mwanza na mume wangu na mtoto wetu wa miezi saba. Ndimi niliyeleta ile picha ya funza kwenye uji. Najua mnaikumbuka, wengine mlisema mlishindwa kula siku nzima. Sasa fikirieni mimi niliyekuwa nao jikoni.

Kwa ambao hawakuiona, mama mkwe wangu alikuja kutoka kwao Mara, kijiji cha ziwani, ili amlee mtoto mimi nirudi saluni kwangu Mkuyuni. Alikuja na mfuko wa samaki wa kukausha. Akautundika mwenyewe kwenye msumari juu ya meza ya jikoni, akaufungua mdomo upate hewa. Harufu ilikuwa inatangulia kunipokea nikiwa bado getini. Nikavumilia, kwa sababu zawadi ya mama mkwe huitupi naye yupo ndani ya nyumba. Asubuhi moja nikafunua bakuli la uji wa mtoto, nikaona kitu cheupe juu yake. Nikadhani ni chenga ya mchele. Ndugu zangu, chenga ya mchele haitembei! Nikainua macho, nikaona mwingine ananing'inia kwenye mfuko, anajiandaa kushuka. Nilitapika palepale kwenye karai la vyombo, na hata sasa ninavyoandika mate yananijaa.

Nikamwita. "Mama, hawa samaki wameharibika."

"Hawajaharibika, mkwe wangu. Ni vidudu tu, viko juu juu. Ukiwakung'uta ukawachemsha na chumvi, vinaisha."

Akachomoa samaki mmoja akamgonga ukingoni mwa meza. Funza wakamwagika, yeye anawaokota kwa vidole kama anachambua mchele. Mara mtoto akalia. Akambeba, na kwa vidole vilevile akamfuta mate mdomoni. Nilimpokonya mtoto bila hata kusema samahani. Nikamsafisha mdomo mpaka akalia upya, halafu nikapiga picha lile bakuli na funza wake, nikaingia chumbani, nikawaletea ninyi.

Na mlinisaidia, siwezi kukana. Nesi mmoja alinieleza dalili za kuangalia kwa mtoto, akawa ananiulizia hali yake kila siku. Mama mmoja wa Buzuruga ambaye hanijui hata sura alinitumia vyombo vipya vya mtoto kwa bodaboda. Mwingine akanielekeza kusugua jiko lote kwa majivu na maji ya moto. Mlinichekesha pia. Mlivyomchambua yule bibi nilicheka mpaka mtoto akaamka. Na mmoja wenu akanipa mbinu, nisubiri aende kanisani, nitupe samaki, nisingizie paka.

Nikafanya hivyo. Aliporudi akautazama ule msumari mtupu, akasema taratibu, "Paka wa hapa mjini ni hodari. Amebeba hata mfuko wenyewe." Akaenda kubadilisha nguo. Nikajua anajua, lakini nikashukuru yameishia hapo.

Hayakuishia hapo. Jumapili iliyofuata wifi yangu alikuja, dada wa mume wangu, kumbe naye ni mfuasi wa ukurasa huu. Lile bakuli la maua mekundu kwenye picha ni yeye aliyenipa siku ya harusi. Hakunisalimia. Alikaa karibu na mama yake, ambaye hajui kusoma, akaanza kumsomea maoni yenu moja baada ya jingine kwa sauti. Bibi mchawi. Bibi ananuka. Mfukuze kabla hajakuulia mtoto. Mikono kama hiyo ikatwe. Mimi nimesimama mlangoni na sahani ya ugali.

Wifi alipotaka kunyamaza, mama akamwambia, "Soma yote, mwanangu. Nataka nijue."

Alipomaliza, mama mkwe akanigeukia. Wala hakufoka. "Ulinipigia simu ukasema maziwa yamepungua. Kwetu mzazi hupewa mchuzi wa samaki. Niliwakausha mwenyewe, ila jua halikutosha. Kondakta akasema nisipowafunga kwenye nailoni atanishusha njiani, nikawafunga mara tatu. Wameozea humo. Niliona wameharibika, mama. Niliona aibu kukwambia nimekuja mikono mitupu."

Bado samaki wale wananitia kinyaa, sidanganyi. Lakini siku hizi nikisoma tena maoni yale, kinyaa ni kilekile, na chini ya mengi kuna kicheko nilichoweka mwenyewe.

Nimemwomba msamaha kwa magoti. Amesema amesamehe. Anaitikia shikamoo yangu, anafagia, anaosha vyombo, tena anavisugua mpaka vinataka kutoboka. Ila mtoto hambebi. Mume wangu amemsihi, wapi. Saluni nimeifunga kwa sababu hakuna wa kumwachia.

Leo mchana mtoto ametambaa mpaka miguuni pake, akamnyooshea mikono, analia abebwe. Bibi yake akafumbata viganja na kuvificha chini ya kitenge. Akaniita, "Mama, njoo umchukue mwanao. Mikono yangu ina funza." Na mikono yenyewe, jamani, ameisugua kwa majivu mpaka imechubuka.

Ninyi ndio mlionisaidia kusafisha jiko. Basi na hili nisaidieni, hasa wewe uliyeandika ikatwe. Nimwambie nini huyu mama ili aitoe mikono yake chini ya kitenge?