Muzee Mwenye Alifunga Mukanda

Kwenu gari inapitaka mukono gani, wa kuume ao wa kushoto? Unacheka. Ile unachekea njo ilitaka kuniulia mujukuu. Na mi sikusikia kwa mutu, nilikuwa ndani ya ile gari, macho wazi.

Samweli, mutoto wa binti yangu, alitoka Amerika kuniona mi, koko yake, hapa Dzaleka, kambi ya bakimbizi. Akakodi gari. Permi ya kuendesha alikuwa nayo, ile ya inchi za batu pia, na asiranse, bima ya gari. Polisi wa bariere alisoma yote, akasema zikomo, ile asante ya huku, akatuacha. Mi nilikaa mbele, kushoto, pale kwetu Fizi shofere njo anakalaka. Nikamwambia, "Leo mi njo naendesha."

"Endesha, koko, lakini funga mukanda kwanza."

Tulikuwa tunatoka soko ya Chilinde kununua bitambaa. Jua inazama. Tulipofika Lumbadzi, muzee mumoja mwenye koti alisimama kando ya barabara, akaita, "Etabo."

Sikiliza muzuri. Etabo njo jina yenye marehemu bwana yangu alimuitaka huyu mutoto kwa nyumba. Haiko kwa pasiporo. Bandugu zake habaijue. We ungepita tu? Samweli akasimamisha, muzee akaingia nyuma. "Funga mukanda, tate," Samweli akamwambia. Akafunga, kla.

Akaanza kuongea Kibembe. Ile tamu, niamini. Mihogo ya Mboko, ziwa asubui, njia ya Baraka. Mi nacheka, Samweli anacheka. Na gari ilikuwa inahama pole pole, inaenda kuume. Huku gari inapitaka kushoto, lakini hatukuona kitu, maana kwetu inapitaka kuume, na roho zetu zilishafika kwetu. Muzee akasema, "Njo hivyo, Etabo. Tunaenda nyumbani."

Nyumbani gani? Nyumba yangu iko Dzaleka. Nikainua macho: lori, taa zote, mbele yetu. Nikavuta mukono wa Samweli kwangu na nguvu yenye sijue ilitoka wapi. "Kushoto, Samweli." Lori ikapita, honi inalia mpaka mbali.

Tukasimama kwa majani. Nikageuka nyuma. Hakuna mutu. Mulango haukufunguka. Na mukanda, mama yangu, ulikuwa ungali umefungwa.

Ba kabaza ba Lumbadzi, bale ba kubeba batu na kinga, baliniambia kisha: pale Mukongo mumoja alikufiaga na gari ya kukodi, alishika kuume. Jina ya mujukuu wangu aliitoa wapi, hakuna mwenye anajua. Tangu pale, mutu akinisalimia Kibembe kwa njia, siitikie mbio, namuangalia kwanza. Luga yangu mwenyewe, akaniibia.

We mwenye utakuja kukodi gari huku, karatasi zikuwe sawa, ndiyo, lakini haziongoze mikono. Weka kando yako mutu wa kukukumbusha kushoto. Masimulizi ya kwetu ingojee mufike.

Siku ya kurudia Amerika, Samweli alinishika mikono. "Koko, nikiwa kwa usukani, mutu akiniita Etabo, sitaitika. Sitasimama."

Nikamuuliza, na siku nitakuwa nimeshakufa, ikiwa ni mi njo nakuita?

Hakuniachilia mikono.

"Hata weye, koko."